Kizibo Kikilala Chali

Mgongo wangu umestaafu kabla yangu. Daktari alitazama picha, akasema mfupa umebana mshipa, nisinyanyue tena kitu kizito kuliko mkate. Sijafika hamsini. Basi nimeondoka kwenye kelder, ndivyo wanavyoliita huko Cape ghala la kutengenezea mvinyo, na nimerudi Johannesburg. Niko Marshalltown, nauza iliki, bizari na karafuu kando ya njia, karibu na robot, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani, ambayo magari yameshazoea kuikuta imezimika.

Vijana wa Tanga, Kigoma na Bukavu wanaoshuka mashambani msimu wa mavuno hupita mezani kwangu kuuliza habari za kazi. Wengi huuliza mshahara. Hayo waulizeni walioko huko sasa. Mimi nitaandika mambo ambayo hakuna aliyeniuliza, maana ndiyo pekee ninayoyajua vizuri.

Nilitoka Tanga nikiwa na cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia. Nilipita Beira, nikapita Durban, nikauza mikanda hapa hapa Johannesburg. Sikuwahi kukaa mahali mpaka wakanijua jina la baba. Cape niliendea mavuno tu, nikitaka kuona milima ambayo watu waliisifu. Zabibu nilizijua za Dodoma, zile zinazouzwa sokoni kwenye mabakuli. Sikujua kwamba za mvinyo ni ndogo, zina mbegu nyingi na ganda gumu, na ukizila kama unavyokula za sokoni kinywa kinakukauka kama umelamba chaki.

Siku yangu ya kwanza niliwekwa shambani kukata. Jioni yake mtu wa kelder akaumia mguu, wakachukua mtu yeyote aliye karibu. Nikawa mimi. Msimamizi wa kelder alikuwa mzee mmoja mwembamba, Oom Dawid. Oom ni kama kusema mjomba, na pale shambani kila mtu alimwita hivyo, hata mwenye shamba. Hakuniuliza jina. Alifunga mshumaa kwenye waya, akauwasha, akauteremsha ndani ya tangi lililokuwa limetolewa mvinyo asubuhi. Ulipofika nusu ukazimika, kama mtu ameupuliza.

"Umeona nini?" akauliza.

"Upepo, Oom."

"Humo hamna upepo. Zabibu zikichemka zenyewe, bila moto, hutoa hewa nzito, inakaa chini. Mshumaa ukizimika humo, na wewe utazimika humo. Watu huzikwa wawili wawili: aliyeingia kusafisha, na aliyeingia kumtoa."

Kisha akanipa brashi na kunionyesha tangi jingine. Niliteremsha mshumaa mwenyewe. Ukawaka mpaka chini. Mpaka naondoka kazini walishaleta vifaa vya kisasa vinavyopiga kengele, na mimi nilibeba mshumaa mfukoni vilevile. Vijana, bebeni mshumaa. Hauhitaji betri.

Kazi yenyewe, ukiondoa maneno ya wageni wanaokuja kuonja, ni kuosha. Unaosha mabomba, unaosha matangi, unaosha sakafu, halafu unaosha ulichooshea. Wakati wa mavuno kuna kusukuma maganda: zabibu nyekundu zikianza kuchemka maganda hupanda juu na kuwa kofia ngumu, na lazima uishindilie chini kwa mti mrefu, mchana na usiku, la sivyo inaoza. Huko ndiko mgongo wangu ulikoanza kuhesabu siku zake. Mikono nayo inakuwa myeusi, weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa limau.

Mimi ni Mwislamu. Najua mnalosubiri niseme. Nilimwendea imamu wa msikiti wa mji ule, mzee wa watu, nikamweleza kwamba sinywi, wala tone, ila nafanya kazi pale. Hakunizungusha. Aliniambia anayekunywa, anayebeba na anayekamua wote wamo katika laana moja. Akaniombea nipate kazi nyingine. Nilisema nitaondoka mavuno yakiisha. Nilisema hivyo mavuno mengi. Kwa hiyo sikuwa mtu wa kelder kamili, maana sikuonja, wala sikuwa na raha nikisujudu. Nimeishi katikati, na katikati hakuna kiti.

Lililonizuia kuondoka ni hili.

Msimu wangu wa pili nilikuwa navuta bomba kutoka kwenye tangi, nikasikia harufu ya yai viza. Kali, ya kufukuza mtu. Oom Dawid alikuwa ameinama palepale, pua juu ya ndoo, anatikisa kichwa kama anayeridhika.

"Oom, hili limeoza."

Akanitazama. Akaitazama ndoo. Akaenda kuufunga mlango, akarudi.

"Unasikia nini? Sema polepole."

"Yai viza, Oom. Na kama mpira uliochomwa."

"Kali au kidogo?"

"Oom husikii?"

Akakaa juu ya pipa tupu. Akaniambia kwamba aliwahi kuanguka kutoka kwenye ngazi ya tangi, akaangukia kisogo, na alipopona pua haikurudi. Hasikii harufu ya kahawa wala ya moshi. Mkewe Sofie alikuwa ndiye anayemwambia sufuria inaungua, na Sofie sasa alikuwa ameshafariki. Ulimi wake ulikuwa mzima: chumvi, uchachu, ukavu, uzito, vyote alivijua kuliko mtu yeyote pale. Lakini msimamizi wa kelder asiye na pua ni kama muadhini asiye na sauti.

"Ukienda kusema, sikulaumu," alisema. "Ila ujue nyumba inakwenda na kazi."

Nyumba aliyoitaja ilikuwa nyuma ya mikaratusi, nyeupe, ya vyumba viwili. Alizaliwa humo. Baba yake alikuwa msimamizi kabla yake na alifia humo. Kutoka dirisha la jiko yanaonekana makaburi ya wafanyakazi wa shamba, na kaburi la Sofie ndilo la karibu. Oom Dawid alikuwa akinywa chai yake ya asubuhi amesimama kwenye dirisha hilo. Hilo ndilo lililokuwa hatarini, wala si cheo.

Sikusema. Badala yake tukawa mtu mmoja. Mimi nilinusa, yeye akaonja. Kwenye mapipa tulikuwa na desturi yetu. Pipa la mwaloni hupumua, mvinyo hupungua kidogo kidogo, na pengo likibaki juu hewa inaingia kuuharibu. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili unapita safu nzima, unachomoa kizibo cha kila pipa na kujazia kutoka kwenye pipa dogo la akiba. Mimi nilitangulia na taa. Nilichomoa kizibo, nikakinusa upande ulioloa, nikakilaza juu ya pipa. Kikilala chali, upande ulioloa ukitazama juu, pipa ni zima. Kikilala kifudifudi, lina ugonjwa, lisiguswe. Oom alikuja nyuma na ndoo, anatazama kizibo, anaonja, anajazia au anapita. Mtu angesimama mlangoni angeona vibarua wawili wanaofanya kazi bila kuzungumza, basi.

Tukiwa peke yetu tulizungumza sana. Mimi majina yangu ya harufu yalikuwa ya nyumbani.

"Hili lina ukwaju, Oom. Na ubani kwa mbali."

"Ubani ni nini?"

"Mama anafukiza Ijumaa. Kwenye chetezo, nguo zinanukia."

"Kama kanisani kwa Wakatoliki?"

"Kama hapo."

Siku ya pili yake angemwambia Juffrou Annelie, yaani Bi Annelie, binti wa mwenye shamba ambaye ndiye mtengenezaji mvinyo mwenyewe, "Juffrou, pipa lile lina kitu cha kanisani." Naye angenusa, akashangaa, akaandika. Baadaye karatasi ya chupa ikatoka imeandikwa kwamba mvinyo huu una harufu ya ubani. Wageni kutoka Ulaya wakawa wanazungusha glasi na kusema ndiyo, ndiyo, ubani. Ulikuwa ubani wa mama yangu, Barabara ya Kumi na Tano, Tanga, na mwenyewe hakujua.

Mama aliamini nafanya kazi shamba la zabibu, na hilo si uongo. Kila mwaka, baada ya mavuno, Oom alikuwa akianika zabibu tamu za mizabibu michache nyuma ya nyumba yake, nami nilimtumia mama mfuko kwa mtu yeyote anayepanda basi kwenda juu. Alizitia kwenye pilau ya Idi na kuwaambia majirani, "Hizi analima Saidi." Miguu yangu ilikuwa imetulia. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu ambaye nikiondoka, kitu kingeanguka.

Kikaanguka. Mwaka mmoja, wakati wa baridi, dada akapiga simu kwamba mama hali yake si nzuri. Nilikwenda kumwambia Oom jikoni kwake.

"Nenda leo," alisema. "Mapipa yatakuwepo. Mama ni mmoja."

"Na kujazia?"

"Nusa pipa la akiba kabla hujaondoka. Likiwa zima, litanitosha."

Nilinusa. Lilikuwa zima. Nikakilaza kizibo chali, nikamwambia, "Oom, hili la mara moja tu. Likishapungua lina hewa ndani, na mara ya pili litakuwa linageuka. Omba jingine jipya." Akaitikia kwa kichwa. Nikaondoka.

Nilimkuta mama anajua watu bado. Alinishika mikono, akaigeuza.

"Saidi, mikono imefanya nini? Kama umepaka hina ya kiume."

"Zabibu, mama."

"Hizi za pilau?"

"Hizo."

Akaibusu. Akafariki kabla wiki haijaisha. Tukamzika, na dada zangu wakasema, wewe ndiye mwanamume, utakaa mpaka arobaini. Nikakaa. Nani angeondoka?

Siku moja katikati ya hitima simu ikalia. Oom Dawid. Nilitoka nje ya turubai.

"Saiet," ndivyo alivyoniita, "poleni sana. Nasimama hapa ofisini na Juffrou." Maana yake nilielewa: siko peke yangu. "Nilitaka kuuliza tu, kile kizibo bado kimelala chali?"

"Oom hukupata pipa jipya?"

"Mvinyo wa mwaka huu ni mchache. Limebaki lile lile. Ulimi unaniambia ni sawa."

Nilikuwa Tanga. Yeye alikuwa nyuma ya mji wa Paarl, kule Cape. Baina yetu zilikuwepo nchi nzima, na mimi pua yangu ilikuwa imejaa ubani wa matanga. Asipojazia, safu nzima itaharibika kwa hewa. Akijazia na pipa limegeuka, safu nzima itaharibika kwa pipa. Neno moja lilinijia mdomoni: mwambie Juffrou anuse. Alikuwa amesimama palepale, pua yake nzima. Lakini lile halikuwa neno langu la kusema. Lilikuwa siri yake na nyumba yake.

"Sijui, Oom," nikasema. "Nisubiri."

"Mapipa hayasubiri," akasema kwa upole, na akanishukuru, na akaniambia nimsalimie dada.

Ugonjwa ule haukai sana ulimini. Unaanza puani: harufu kali kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, na uchachu unakuja nyuma sana. Mtu mwenye pua angelirudisha pipa lile hata kabla hajaliinamia. Oom aliliamini kwa sababu kizibo changu cha mwisho kilikuwa chali. Alijazia safu yote, pipa baada ya pipa, kwa uangalifu uleule aliofanya kazi nao maisha yake yote.

Nilirudi baada ya arobaini. Sikupitia popote njiani, mimi ambaye sikuwahi kupita mji bila kushuka. Niliingia kelder nikakuta safu ile imeoshwa, mapipa yamelazwa, hayana vizibo. Mvinyo ulikuwa umeondoka na lori kwenda kuchemshwa uwe spiriti. Nilikimbia nyuma ya mikaratusi. Oom alikuwa anafunga vyombo kwenye magazeti.

"Wamekufukuza?"

"Hakuna aliyenifukuza. Juffrou alinusa, akaniuliza, nikamwambia. Nilivua kofia nikamwambia yote, ila jina lako nililiacha nje."

"Basi baki. Sheria inakulinda, Oom. Umri huu hawawezi kukutoa kwenye nyumba."

"Sheria inaniruhusu. Mimi sijiruhusu. Mpishi asiyejua jiko linaungua hakai jikoni." Akafunga kikombe. "Mama mlimzika vizuri?"

"Vizuri, Oom."

"Basi mmoja wetu alifanya kazi yake."

Akaenda kusimama dirishani. Sikumfuata. Binti yake Rina alikuja na gari kumchukua nikiwa kazini, kumleta huku Johannesburg, Eldorado Park. Mtu ambaye hakuwahi kulala nje ya shamba lile zaidi ya kulala hospitali.

Wiki ile ile Juffrou Annelie aliniita, maana hakuwa mjinga, alikuwa ameshajua nani alikuwa pua. Alikuwa amekaa ngazini kwenye kelder, amechoka.

"Kwa nini hamkuniambia?" akasema. "Ningempa mtu wa kunusa. Wazi kabisa, mchana kweupe. Ulimi ule hauna pesa ya kuununua."

"Nyumba, Juffrou."

"Nani aliwaambia ningechukua nyumba?"

Hakuna aliyetuambia. Hatukuuliza. Huenda alisema kweli. Huenda pia ni rahisi kuwa mwema mvinyo ukishamwagwa. Nimelizungusha hilo miaka yote na sijapata jibu. Ninachojua ni kwamba tuliilinda nyumba ile kwa kunyamaza, na kunyamaza ndiko kulikoichukua. Sasa wameipaka rangi upya, wanalala humo wageni wanaokuja kuonja mvinyo. Wanasifu dirisha la jiko. Wanadhani yale mawe meupe kule ni bustani.

Nilibaki. Nilipewa vijana wa chuo wa kuonja, watoto wazuri, kila mavuno mmoja. Walinieleza walichoonja kwa maneno marefu. Oom alikuwa akisema, "Linashika ufizi, halafu linaachia," na nilielewa kila kitu. Nilimpigia simu sikukuu zao na zangu. Kila mara nilisema, mwaka huu nakuja, Oom. Nimezunguka nusu ya Afrika bila sababu, kwa basi, kwa lori, kwa miguu, na njia moja yenye sababu sikuipanda. Nilikuwa naogopa kumwona amesimama kwenye dirisha jingine.

Mgongo ulipokatika nikapanda kuja huku. Nikapiga simu kutoka hapa Marshalltown. Akapokea Rina. Alikuwa amemzika baba yake wakati wa baridi iliyopita. Alikuwa amepiga simu kelder kunitafuta, ujumbe haukufika. Nikamwelekeza meza yangu ilipo.

Rina anafanya kazi ofisini, Braamfontein. Ijumaa moja alasiri, nimetoka msikitini, nikamwona anakuja mezani kwangu na mfuko wa plastiki mkononi.

"Wewe ndiye Boeta Saiet?" Boeta ni kaka, kwa lugha yao.

"Ndiye."

"Nilidhani ni mzee."

"Mgongo ni mzee."

Akacheka, na kicheko kilikuwa cha baba yake. Akatoa chupa. Haikuwa na karatasi, ila alama ya chaki, mstari na duara, ambayo ilikuwa alama ya safu yetu. Mvinyo wa mwaka uliotangulia ule mbaya. Safu ya mwisho tuliyoipita wawili, vizibo vyote chali.

"Daddy alisema ni yako."

"Mimi sinywi, dada."

"Anajua. Alisema ufungue, unuse, umwambie. Basi. Nilimuuliza, atakuambiaje na wewe utakuwa umekufa? Akasema, wewe mpelekee tu."

Sikuwa na cha kufungulia. Nikamwomba Papa Kabeya, Mkongo anayeuza viatu meza ya jirani, ambaye ana kila kitu. Akanipa, macho yamemtoka.

"Eh, Saidi! Leo njo unaanza kunywa? Ku uzee?"

"Nanusa tu."

"Banasemaka vile bote."

Nilisogeza iliki mbali. Nikafungua. Nikamimina kidogo kwenye kikombe changu cha chai, kile ambacho najua sitakinywea tena, nikainamisha kichwa. Kwanza vumbi la kizibo. Kisha ukwaju. Kisha udongo mkavu ulioguswa na mvua ya kwanza. Kisha, nyuma kabisa, mahali palepale, ubani. Nilisema kwa sauti, moja baada ya moja, kwa mpangilio, kama nilivyozoea. Magari yalikuwa yanapiga honi kwenye robot. Nilipomaliza nikangoja nusu ya pili. Ndivyo mwili ulivyozoea: nikishasema mimi, yeye huonja.

Nikamsogezea Rina kikombe. "Wewe onja. Niambie."

Akanywa kidogo, akaushika mdomoni, akajitahidi. Niliona anajitahidi kweli.

"Ni mvinyo, Boeta," akasema. "Mzuri, nadhani. Mimi hunywa bia."

"Unashika ufizi?"

"Sijui. Kushika vipi?"

Sikujua kumweleza. Hilo lilikuwa lake Oom. Nikamrudishia chupa akanywe na watu wake Jumapili, akakataa, mwishowe Papa Kabeya akasema kama ni shida yeye anaweza kusaidia, tukacheka wote watatu. Rina akachukua chupa, akanikumbatia, akateremka kuwahi basi.

Kizibo kilibaki mkononi. Nikakinusa tena upande ulioloa, nikakilaza mezani, chali, kati ya iliki na karafuu, pale ambapo mtu anayekuja nyuma yangu na ndoo angekiona.